Xbox Isikimbilie Mashine Mpya

Microsoft wameshikwa pabaya. Mwaka 2025 walipandisha bei ya Xbox Series X nchini Marekani mara mbili, ikatoka karibu dola 500 ikafika karibu 650, na mashine yenyewe ni ya 2020. Kwa umri huo, zamani mashine za gemu zilikuwa zikishuka bei. Juni mwaka huohuo walitangaza ushirikiano na AMD wa kuunda chipu za mashine zijazo. Sasa ubishi ni lini Xbox mpya itoke. Wapo wanaosema iwahi, iitangulie PlayStation mpya. Kwangu mimi, hao wanawapoteza.

Sega waliwahi. Mei 1995, jukwaani Los Angeles, walitangaza kuwa Saturn, iliyokuwa ikingojewa Septemba, imeshaingia kwenye baadhi ya maduka kwa dola 399. Maduka yaliyorukwa yalinuna, watengenezaji wa gemu walikuwa hawajamaliza kazi, na siku hiyohiyo Sony wakataja bei ya PlayStation: 299. Dreamcast ikafuata huko Japani Novemba 1998. Ilikuwa mashine nzuri kwelikweli, lakini wateja walikuwa wameshaungua. Machi 2001 Sega wakaacha kutengeneza mashine.

Nintendo walikuwa na kila sababu ya kukurupuka. Wii U ya Novemba 2012 haikufikisha hata milioni 14, na mapema 2014 mkuu wao, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano. Machi 2015 alitaja tu kwamba mashine mpya inakuja, watu wasidhani kampuni imehamia kwenye simu. Hakuionyesha. Alifariki Julai, na Switch ikatoka Machi 2017 ikiwa na Zelda mpya siku ya kwanza. Imeshauzwa zaidi ya milioni 150. Kungoja nako kuliwagharimu: mwaka 2016 mwenye Wii U alikuwa na gemu mpya chache za kununua.

Wanaohimiza haraka wangekaa jioni moja kwenye chumba cha gemu Mji wa Kale wa Mombasa, huko Kibokoni au nyuma ya Ndia Kuu. Benchi, televisheni, pedi mbili zilizobanduka raba, na vijana wanaogombania zamu. Mwenye chumba hulipwa kwa mechi. Pesa ya mashine humrudia kidogokidogo, kwa hiyo haulizi chipu ina nguvu gani, anauliza mpira umo? Na mpira bado umo kwenye mashine kuukuu: EA Sports FC 26, ya Septemba 2025, ina toleo la PlayStation 4, mashine ya 2013. Abadilishe ya nini? (Xbox ndiyo kabisa. Aliyekulia kwenye pedi ya Sony haachi pedi hiyo, na CD huazimwa kwa mwenye mashine kama yako.)

Mnunuzi wa Texas ana mfuko mzito zaidi, ila hesabu ni hiyohiyo. Na hapo ndipo Microsoft walipojichimbia shimo: tangu 2024 wamekuwa wakizipeleka gemu zao kwenye PlayStation, hata Forza Horizon 5 ikafika huko Aprili 2025. Zimewaletea pesa, sawa, lakini zimemwondolea mteja sababu ya kununua Xbox. Chipu ya AMD hailitibu hilo. Waamue kwanza gemu zipi zitabaki kwao, wazimalize, ndipo wataje siku. Kama 2027 itafika bila hizo, wasogeze hadi 2028.