Baba Hakusafiri: Mtoto Aliyefiwa Apewe Ukweli na Kazi ya Mkono



Leo tunasema jambo litakalowaudhi baadhi ya mashangazi, nao watuwie radhi. Tuache kuwadanganya watoto waliofiwa.

Mnajua inavyokuwa. Mtu akifa, ndani ya saa moja nyumba imejaa. Wanaume wanashughulikia sanda na kaburi, sisi tunatandika mikeka, juzuu zinagawiwa, masufuria yanaazimwa. Kila mtu ana kazi yake isipokuwa mtoto wa marehemu. Yeye anapelekwa kwa jirani akaangalie katuni. Akiuliza, anaambiwa baba amesafiri. Akilia, anaambiwa anyamaze, na akiwa wa kiume ndiyo zaidi. Siku ya tatu matanga yanaondolewa, watu wanarudi makwao, na mtoto anabaki mlangoni akimsubiri msafiri.

Huo si ulezi. Mtoto mdogo bado hajaelewa kwamba aliyekufa harudi. Ukimwambia amesafiri, atasubiri. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala. Huzuni yake nayo haitoki kwa maneno kama yetu. Utaiona anapokojoa kitandani na alikuwa ameshaacha, tumbo linapomuuma kila asubuhi ya skuli, anapopigana na wenzake chuoni. Sasa hivi analia, punde anacheka na mpira, nasi tunasema, "Huyu keshasahau." Hakusahau. Mtoto huubeba msiba kidogo kidogo, anautua akacheze, kisha anaurudia.

Tutaambiwa haya ni mambo ya kizungu na kwamba dini inataka subira. Basi twendeni kwenye dini. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akataka aletewe watoto, akawakumbatia huku analia. Hakuwaficha kwa jirani. Na yule mtoto Abu Umayr, nduguye Anas, alipofiwa na kidege chake, Mtume alimwita kwa jina akamuuliza habari za kidege kile. Kidege! Sisi mtoto kafiwa na baba na hatumuulizi kitu.

Sasa tunataka nini? Tunataka mtoto apewe kazi, kama tunavyojipa sisi. Nani kati yetu hajui kwamba ukikaa kuchambua mchele wa hitima, kifua hupata nafasi? Mikono ikishughulika, ulimi hulegea.

Siku ya msiba mwachieni agawe tende, apange juzuu, apange viatu mlangoni. Akitaka, lakini. Asilazimishwe, na asizuiwe kwa kuwa "ni mtoto."

Siku zikipita, kaa naye umfundishe kusuka ukili. Nyote mnatazama miyaa, hakuna anayemkazia mwenzake macho, na hapo ndipo linapotoka swali alilokuwa nalo wiki nzima: "Kaburini kuna giza?" Mjibu kweli, kwa kipimo cha umri wake, kisha mfundishe dua ya kumwombea mzee wake.

Mtengenezee kisanduku, akipambe mwenyewe. Ndani atie kofia ya baba, tasbihi, au kipande cha kanga ya mama chenye harufu yake. Sisi tuna haraka ya kugawa nguo za marehemu. Vitu vile ni mirathi, warithi waulizwe kwanza, na mtoto ni mrithi.

Kama bibi yake alisifika kwa visheti, mpe unga akunje visheti. Vikitoka vibaya, visifiwe hivyo hivyo, kisha avipeleke kwa majirani kuwa sadaka ya bibi. Au mpe mche wa mlimau aupande na kuumwagia maji. Mtume ametufundisha kwamba kinacholiwa na ndege au mtu katika mti uliopandwa na Muislamu ni sadaka. Mtoto akijua hilo, anajua pia kwamba bado lipo analoweza kumfanyia babake.

Kazi hizi hazimkatazi kulia wala hazichukui nafasi ya daktari. Mtoto akikataa chakula siku nyingi, au akisema anataka kufa amfuate mamake, apelekwe hospitali.

Neno la pili ni kwa ndugu wa marehemu. Mama akiwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, mnagawana watoto wake kama sahani: mmoja Pemba, mmoja Dar es Salaam, "mama apumzike." Eda haimkatazi mwanamke kukaa na wanawe. Mtoto aliyempoteza baba mnampoteza na mama.

Na wewe bibi harusi unayeolewa na mume aliyefiwa na mke: somo atakufundisha singo na udi, lakini nani atakufundisha habari za mtoto wa miaka saba anayekutazama ukikalia kiti cha mamake? Usianze kwa kuondoa vitu vya marehemu. Mwambie mtoto akuonyeshe mamake alivyokuwa akipika mchuzi, na yeye akune nazi. Humnyang'anyi mama yake. Unamsaidia kumhifadhi.

Visiwa vyetu vinajua msiba. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, na mayatima wakabaki Unguja na Pemba. Watoto wale leo ni vijana, na wengine ni maharusi wanaotusoma. Waulizeni waliambiwa nini siku ile.

Qur'ani, katika Surat Adh-Dhuha, imekataza yatima kuonewa, na aliyeteremshiwa aya hiyo mwenyewe alifiwa na mamake akiwa na miaka sita. Kumdanganya yatima na kumnyamazisha ni kumuonea, hata tukifanya kwa huruma. Basi dada zetu, msiba ukitokea, kabla hatujauliza masufuria yako wapi, tuulize mtoto yuko wapi.

Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu na atupe moyo wa kuwalea waliowaacha. Amin.