Dola Ya Fedha Si Dola Moja

Leo tuache kidogo shela na hina, tuzungumze sarafu. Maharusi wanaokuja kushona kwetu hapa Busale, Kyela, siku hizi wanatuuliza habari za dola za zamani za Marekani, zile za fedha, anazozituma mchumba aliye ng'ambo ziwe mahari. Sisi tunasema ni mahari nzuri, ila zipimwe kwenye mizani na ziandikwe.

Kiswahili kinatuchanganya, maana fedha ni madini na fedha ni pesa. Dola ya Morgan ya mwaka 1921 imeandikwa dola moja, lakini ina gramu 26.73, asilimia 90 yake fedha. Nusu dola na robo dola zilizotolewa kabla ya 1965 nazo ni asilimia 90. Robo ya kawaida ya kuanzia 1965 haina fedha, hata ing'ae vipi. Basi mkiandika "mahari dola ishirini" mkaishia hapo, siku maneno yakiharibika bwana ataweka mezani noti moja ya dola ishirini, na karatasi itakuwa upande wake! Andikeni idadi, mwaka wa kila sarafu na uzito. Mashahidi wasaini hayo.

Wala si mambo mageni. Pwani ilitumia reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ikiwa imetengenezwa miaka mia baadaye. Wamarekani walifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kitambaa chao cheupe cha pamba kikaitwa merikani. Huku kwetu ziwani zilifika rupia za Mjerumani, fedha karibu asilimia 92, kisha shilingi za Mwingereza za 1921 zenye simba, ambazo fedha yake ni robo tu. Kabla hujaagiza za Marekani, fungua kwanza kopo la bibi.

Linalotuuma ni hili la kwa sonara. Bibi harusi anapeleka sarafu zake, anarudi na bangili, na hakuna bei iliyotajwa. Fedha kwa fedha sharti iwe uzito sawa na mkono kwa mkono, la sivyo ni riba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza Bilal auze tende zake kwanza, kisha kwa thamani ile anunue nyingine. Fanya hivyo hivyo: uza, pokea shilingi mkononi, ndipo ununue bangili ukitaka. Ukishaona shilingi utajua umepunjwa kiasi gani, na unaweza kwenda kwa sonara wa pili. Kwa kubadilishana tu hutajua kamwe.

Usizisugue kwa mchanga wala majivu, na usizitoboe kufanya kidani. Mkusanyaji hulipa zaidi iliyo nzima na yenye weusi wake. Sumaku ikiinasa, hiyo ni bandia, ingawa bandia nyingine hazinasi, kwa hiyo mizani haikwepeki.

Na zaka. Kwa madhehebu ya Shafi pambo la halali analovaa mwanamke halina zaka, lakini sarafu zilizolala sandukuni si pambo. Nisabu ya fedha ni gramu 595, na dola moja ya zamani ina takriban gramu 24 za fedha safi. Zikifika 25 na mwaka wa Hijria ukapita, toa asilimia mbili na nusu. Wewe utoe, si mume, maana mahari ni yako.