Barua ya Uskoti na Jibu Lililonakiliwa Ubaoni

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja ya msingi hapa Rusizi. Sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza si lake peke yake. Siku moja mwalimu wa darasa la tano aliingia na bahasha kubwa. Ndani yake mlikuwa na barua za watoto wa shule ya msingi huko Uskoti. Mmoja alieleza kwamba kila Ijumaa huenda msituni pamoja na mwalimu wao, wakajenga vibanda vya fito na kuhesabu ndege. Mwingine alichora kalunguyeye aliyemwona nyuma ya shule. Wa tatu alisimulia sherehe ya tarehe 25 Januari, siku ya kuzaliwa mshairi Robert Burns: walikula haggis, wakacheza ngoma za kwao, naye akakariri shairi zima mbele ya wazazi.

Watoto wetu walifurahi mno. Kisha ukafika wakati wa kujibu. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi nane za Kiingereza, na darasa zima likanakili. Nchi yetu ina vilima elfu. Nchi yetu ina gorila. Nchi yetu ni safi. Msichana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, aliuliza, "Mwalimu, naweza kuandika kuhusu sambaza?" Akajibiwa, "Hao ni wageni, waandikie mambo mazuri."

Ndugu wanafunzi wenzangu, na ninyi wahadhiri wetu mnaotuandaa kuwa walimu, nasema jibu lile lilikuwa aibu. Gorila wako kwenye milima ya volkano, kaskazini mwa nchi. Mtoto wa Kamembe hajawaona. Lakini msitu wa Nyungwe uko mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mjini. Una sokwe mtu, una makundi makubwa ya mbega, una aina za ndege zaidi ya 300. Mvua inayonyesha upande mmoja wa vilele vyake huishia mto Kongo, na ya upande wa pili huishia Nile. Mwaka 2023 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Dunia imeuona Nyungwe. Darasa la tano la Rusizi halikuuandika hata kwa neno moja.

Wapo watakaosema dawa ni kuwaiga Waskoti: tulete zumari zao na sketi zao za mistari, tufanye siku ya utamaduni wa kigeni, wafadhili wapige picha. Hao wameangalia nguo wakasahau mwili. Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyochanganywa na oti, chakula cha mtu asiyetaka kutupa kitu. Burns alikuwa mtoto wa mkulima, na alitunga mashairi yake mengi kwa Kiskoti, lugha ambayo wasomi wengi wa zamani waliiona kuwa maneno ya washamba. Kwa hiyo Waskoti wanaposherehekea, wanaweka mezani chakula cha maskini wao na kukariri lugha iliyodharauliwa. Anayetaka kuwaiga kweli aweke mezani sambaza, ugali wa muhogo na isombe, na amwache mtoto aseme kwa lugha ya nyumbani kwake.

Tena tusiwasifu kupita kiasi, maana na wao walichelewa. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 iliwalazimu watoto wote wa Uskoti kwenda shule, lakini haikukipa Kigaeli nafasi yoyote. Watoto waliokisema darasani waliadhibiwa, kama vile watoto wa Kenya walivyovikwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama. Sheria ya kukilinda Kigaeli ilikuja mwaka 2005. Katika sensa ya mwaka 2011, waliokisema walikuwa takribani 57,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano. Sherehe ya namna hiyo ina furaha, lakini pia ina harufu ya matanga. Je, na sisi tungoje mpaka tubaki na sherehe bila wasemaji?

Najua pingamizi. La kwanza: "Kiswahili si utamaduni wa Rwanda." Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Mswahili ni mjanja, tapeli, mtu wa sokoni. Lakini mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi hii, na hapa Rusizi hakikungoja sheria: kimekuwa kikivuka daraja la mpakani kwenda na kurudi Bukavu, na Bugarama kinasikika njiani na sokoni. Kwa anayesema cha kigeni hakiwezi kuwa chetu, namwuliza kuhusu sambaza wenyewe. Hawakuwa samaki wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani atathubutu kumwambia mvuvi anayetoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, akiimba na wenzake, kwamba samaki wake ni wageni?

Pingamizi la pili ni mtihani wa taifa. Watu husema kwenda nje ni kupoteza saa. Lakini mtoto anayekariri sehemu za ua bila kulishika ua atasahau kabla ya mtihani wenyewe. Tukumbuke pia kwamba tangu ilipotangazwa mwaka 2019 kuwa Kiingereza kitafundishia kuanzia darasa la kwanza, mtoto anabeba mizigo miwili: jambo jipya na lugha mpya. Akiushika mti wa umuvumu kwa mkono wake, akaambiwa kwamba mababu walitengeneza nguo kutokana na gome lake, angalau mzigo mmoja umepungua.

Pingamizi la tatu ni fedha. Sijasema kila darasa likate tiketi ya hifadhi. Ufuko wa Kivu una mdiria wanaopiga mbizi bure. Mto Rusizi unatoka ziwani hapa hapa, mbele ya macho yetu. Bustani ya mboga ya shule haina mlango wa kulipia.

Basi nasema ninachotaka. Umuganura, sikukuu yetu ya mavuno, huangukia Ijumaa ya kwanza ya Agosti, watoto wakiwa likizo. Kwa hiyo shule huiacha ipite. Tuchague wiki moja ndani ya muhula, ile yenye tarehe 21 Februari, siku ya lugha mama duniani. Siku tatu darasa liende nje, lihesabu, lichore, liulize wazee majina ya miti. Siku ya nne wazazi waalikwe, wavuvi waje na nyimbo zao, kila mtoto asimame na kukariri kitu kwa Kinyarwanda, Kiswahili au lugha nyingine ya nyumbani. Siku ya tano ndipo barua ziandikwe, kila mtoto yake, na ubao uwe mtupu.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Yule msichana hakukataa kwao. Aliomba ruhusa ya kukuandika, akanyimwa na mtu mwenye chaki. Mwaka kesho mwenye chaki atakuwa mmoja wetu.