Mzazi, alama si bei ya Gikomba

Siku ya kufunga shule ina mambo yake. Watoto wanatoka langoni wakicheka, makanga wa matatu wanaita abiria, na ndani ya afisi ya walimu kuna mzazi aliyesimama wima, ripoti mkononi, kama mtu aliyeletewa bili ya stima ya nyumba asiyokaa.

Muhula uliopita nilijionea kisa kama hicho. Nilikuwa nimekwenda kumwona rafiki yangu anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya upili ya kutwa hapa Nairobi, pande za Eastlands. Kabla sijapewa kiti, mama mmoja aliingia bila kubisha hodi, akifuatwa na binti yake wa kidato cha tatu. Aliweka karatasi za mtihani mezani, akaigonga ile ya insha kwa kidole.

"Mwalimu, hii nane ulitoa wapi? Sisi tunaongea Kiswahili kwa nyumba tangu huyu mtoto azaliwe. Akianguka hesabu nanyamaza, hata mimi ilinishinda. Lakini Kiswahili! Si umwongezee tu ifike kumi na mbili?"

Mama huyo hayuko peke yake. Waulize walimu wa lugha, watakwambia. Mwalimu wa fizikia hapati wageni wengi wa aina hii, kwa maana mzazi hawezi kubishana na asichokijua. Kiswahili, kila mtu anacho mdomoni, kwa hivyo kila mtu ni hakimu. Isitoshe, wazazi wengi hudhani alama za insha hutoka kwenye huruma ya mwalimu, na huruma, kama bei ya Gikomba, hubadilika ukibembeleza au ukipiga kelele.

Hebu tuitazame hiyo nane. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili huwa na insha mbili, moja ya lazima na nyingine ya kuchagua. Kila moja ina alama 20, na walimu wengi hufuata mtindo huo darasani. Insha hupangwa katika viwango vinne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Mwalimu huangalia maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na tahajia, kisha akaamua insha ni ya kiwango gani. Kwa hivyo kutoka nane hadi kumi na mbili si kuongeza alama nne tu. Ni kumtoa mtoto katika kundi la wanaojikwaa katika lugha na kumtangaza kuwa yumo katika kundi la wanaojieleza vizuri. Mwalimu akikubali, ameandika uongo kwa kalamu nyekundu.

Rafiki yangu hakubishana. Alivuta kiti, akasema, "Karibu uketi, mama." Kisha akamwomba msichana asome mwanzo wa insha yake kwa sauti. Msichana akasoma: "Vile nilifika kwa nyumba, nilipata gari ya baba imeharibika."

"Sasa kosa liko wapi?" mama akauliza. "Si mimi nimeelewa?"

"Umeelewa, mama, kwa sababu hapa mjini ndivyo tunavyozungumza. Hata mimi nikiwa ndani ya matatu naongea hivyo hivyo. Lakini mtihani unataka hivi." Akaandika pembeni: "Nilipofika nyumbani, nilikuta gari la baba limeharibika."

Hesabu mwenyewe, msomaji. "Vile nilifika" ni nilipofika. "Kwa nyumba" ni nyumbani. "Nilipata" ni nilikuta, kwani gari hilo halikuwa limepotea. "Gari ya" ni gari la, na "imeharibika" ni limeharibika. Makosa matano katika sentensi moja fupi, na insha nzima ilikuwa na kurasa mbili. Mama alizitazama sentensi hizo mbili kwa muda mrefu bila kusema neno.

Lakini hakuwa amemaliza. Alichukua karatasi ya pili, akafungua sehemu ya ufahamu, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Na hapa? Umeandika saba. Mimi naona tisa." Mwalimu akahesabu, akarudia. Zilikuwa tisa. Palepale alisahihisha karatasi, akairekebisha na ripoti, akasema, "Hapo umenishika, mama. Niwie radhi." Ile nane ya insha ikabaki nane.

Hapo ndipo penye funzo la leo. Kuna malalamiko ya aina mbili. Jumla ikikosewa, au jibu likirukwa bila kusahihishwa, mzazi ana haki ya kusema, na mwalimu ana wajibu wa kurekebisha bila kununa. Lakini mzazi akitaka mtoto aongezewe ili asione aibu, hapo pa kujadiliana hapapo.

Wakati wote huo mimi nilikuwa nikimtazama yule msichana. Kama mama angezipata alama nne kwa ukali, binti angejifunza kwamba nyumbani kwao alama hutafutwa kwa mdomo wa mama. Siku ya KCSE mama hatakuwepo, na mtahini hamjui. Tena jambo lenyewe si dogo. Tangu mtihani wa mwaka wa 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, na masomo mengine matano aliyoyafanya vyema zaidi. Huenda Kiswahili ndicho kitakachombeba msichana huyo. Tukimdanganya leo kwamba yuko sawa, nani atamziba ufa? Na usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Walimu, nanyi msijione malaika. Mzazi anapofungua karatasi akakuta "8/20, jitahidi", amejua nini? Ajitahidi wapi? Andika mambo mawili tu ya kurekebisha, kwa mfano, "Upatanisho wa ngeli" na "Matumizi ya -po-". Mpigie mzazi simu katikati ya muhula, usingoje siku ya ripoti. Akija na hasira, mpe kiti kwanza na umwonyeshe kazi ya mtoto, usimwonyeshe cheti chako. Usimsomee makosa yake mbele ya wazazi wengine. Akizidi kupiga kelele, mwombeni mwalimu mkuu aketi nanyi. Na akikuletea "chai" ili alama zipande, mrudishie kwa heshima siku hiyo hiyo.

Mzazi, kabla ya kupanda matatu kwenda shuleni, keti na mtoto muipitie karatasi yenyewe. Ukifika, usiulize, "Mbona umempa nane?" Uliza, "Afanye nini atoke nane?" Swali la kwanza humfanya mwalimu ajitetee. La pili humfanya afundishe. Nyumbani, zima simu, msikilize taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja usiku, kisha umwambie mtoto akusimulie habari moja kwa sentensi tano. Hayo ni mazoezi ya ufupisho, sehemu yenye alama 15 katika karatasi ya pili. Hutalipa hata shilingi. Naye akikusahihisha, usimwambie anajifanya Mswahili wa Lamu.

Wenye watoto wadogo katika mtaala mpya, nanyi msikimbilie kuuliza "kukaribia matarajio" ni asilimia ngapi. Uliza mtoto anakwama wapi: kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, au sarufi? Jibu la swali hilo ndilo utakaloweza kulifanyia kazi jioni.

Na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, acha kuficha karatasi na kumpa mama ripoti peke yake. Ndiyo maana anakuja shuleni akiwa moto.

Nirudi kwa yule mama. Alipokuwa akitoka, alisimama mlangoni, akageuka. "Mwalimu, kwa hivyo ni gari la?"

"Ni gari la, mama."

"Kumbe." Akamtazama binti yake. "Twende. Leo usiku utaniandikia hiyo insha tena."

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.