Tulitia Sahihi, Kisha Tukalala

Miaka michache iliyopita afisa ustawi wa jamii alinijia ofisini akiwa na karatasi mkononi. Kijana wa miaka 16 wa mtaa mmoja katika usharika niliokuwa nikiuhudumia alikuwa amevunja kibanda cha fundi simu na kuiba. Mahakama haikumfunga. Ilimwachia kwa masharti: akae kwa bibi yake, asitembee usiku, na kila mwezi aripoti kwa afisa kwa muda wa mwaka mmoja. Afisa alitafuta mtu wa kuaminika wa kumsaidia kumwangalia. Nilisoma, nikatia sahihi, nikagonga muhuri wa usharika. Tukaomba pamoja. Afisa akanishukuru, akapanda bodaboda, akaenda zake.

Siku niliyofika nyumbani kwa kijana yule kwa mara ya kwanza, miezi minne ilikuwa imepita, na nilikwenda kwa sababu bibi yake alikuja kuniambia kwamba ametoroka. Aliripoti mara mbili. Mwezi wa tatu nauli ya kwenda mjini na kurudi haikupatikana. Mwezi wa nne aliogopa kwenda kwa sababu mwezi wa tatu hakwenda. "Baba Mchungaji," bibi aliniambia, "mimi nilijua wewe una habari zake. Si wewe uliyeandika?"

Ni mimi niliyeandika. Kwa hiyo, wapendwa, ninayoyasema hapa chini yananihusu kabla hayajamhusu mtu mwingine.

Nasema hivi: mahakama inapomrudisha mtoto mtaani chini ya uangalizi, haimrudishi kwa afisa. Inamrudisha kwetu. Afisa anakaa naye dakika chache kwa mwezi. Siku zote zilizobaki anakaa nasi. Nasi tumemwachia afisa kazi yote, kisha tunamlaumu inapomshinda.

Tuanze na hizo ofisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Inataka taarifa ya ustawi wa jamii juu ya maisha yake kabla mahakama haijaamua, na inaruhusu akabidhiwe kwa mtu au taasisi inayofaa iliyo tayari kumpokea. Hiyo ni sheria njema. Lakini anayeitekeleza wilayani ni afisa ambaye pia anasuluhisha ndoa, anafuatilia matunzo ya watoto waliotelekezwa, na anasikiliza wazee wasio na mtu. Nimekaa kwenye benchi la ofisi ya namna hiyo. Kijana anayekuja kuripoti anasubiri katikati ya watu wazima wenye mashauri yao, kila mtu akimtazama na kukisia alichofanya. Zamu yake ikifika, daftari linafunguliwa: tarehe, jina, sahihi. Anaambiwa aje mwezi ujao.

Daftari hilo linatuambia nini? Linatuambia kwamba miguu ya kijana ilifika ofisini. Halisemi jana alilala wapi, anakula kwa nani, au ni nani aliyempigia filimbi nje ya dirisha usiku. Ofisi ikipimwa kwa wingi wa sahihi, itakusanya sahihi. Wenye kuziongoza ofisi hizi nawasihi wabadili kipimo. Afisa aulizwe ametembelea nyumba ngapi, amezungumza na mwalimu gani au fundi gani. Apewe mafuta ya pikipiki kabla ya kupewa kabati la mafaili. Siku ya kuripoti isogezwe kwenye kata, karibu na watoto wanakoishi, na watoto wasipangwe benchi moja na watu wazima. Mtoto akikosa siku moja, afuatwe nyumbani kabla hajaandikwa kuwa amevunja masharti. Yule wa kwetu hakukimbia sheria. Alikimbia aibu ya nauli.

Lakini serikali si msomaji wa kitabu hiki. Msomaji ni wewe mshirika, na kwako nina maneno makali zaidi.

Historia inatusuta. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alisimama mahakamani akamdhamini mlevi asiyemjua, na baada ya wiki chache akamrudisha mbele ya hakimu akiwa na akili zake timamu. Hadi alipofariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000, wakiwamo watoto. Nchini Uingereza mwaka 1876, mchapaji mmoja, Frederic Rainer, alitoa shilingi tano kwa chama cha Kanisa la Anglikana kilichopiga vita ulevi, ili kianze kazi ya namna hiyo mahakamani. Wakatumwa wamisionari wa mahakama. Miaka 31 baadaye, mwaka 1907, Bunge lao likaifanya kazi hiyo kuwa sheria, na utaratibu huo ukatufikia Tanganyika chini ya utawala wa Mwingereza. Basi kazi tunayosema "ni ya serikali" mizizi yake iko kwa fundi viatu na waumini waliotoa sadaka. Serikali iliikuta njiani.

Najua majibu yetu, maana nimeyasikia katika baraza la wazee. La kwanza: "Mchungaji, tulinde watoto wetu wasiharibiwe." Mzee wangu, mtoto huyo tayari yupo mtaani. Anachota maji kisima kimoja na mwanao. Ukimfukuza kwaya hujamwondoa. Umemwondolea tu mahali pekee ambapo mtu mzima angejua kama amekuja au hakuja.

La pili: "Luther alifundisha tawala mbili, kanisa lihubiri, serikali ishughulike na wahalifu." Huko ni kumtumia Luther kama mto wa kulalia. Alifundisha kwamba Mungu anatawala kwa mikono yote miwili, na kwamba Mkristo anamtumikia jirani akiwa katika mikono hiyo yote. Katika Katekisimo Kubwa, kwenye amri ya tano, anasema wazi kwamba anayeweza kumwokoa jirani na asifanye hivyo, amemwua. Na sisi tuliokariri maelezo ya amri ya nane tukijiandaa kwa Kipaimara, tuliahidi kumtetea jirani na kumnenea mema. Mbona jina la kijana huyu linazungushwa kila jumuiya, na hakuna anayelitetea?

La tatu ndilo zito: "Na aliyeibiwa je?" Swali hili ni la haki. Fundi simu yule alipoteza mali za wateja, na sikumsikia mtu yeyote kanisani akimpa pole. Huruma inayomruka aliyeumizwa ni ya bei rahisi. Lakini tazameni barua kwa Filemoni. Paulo anamrudisha Onesimo kwa mtu aliyemkosea, na hafichi deni: anasema liandikwe kwa jina lake, yeye atalipa. Tena barua hiyo inaandikwa kwa Filemoni, Afia, Arkipo, na kanisa zima linalokutana katika nyumba ile. Usharika mzima unasomewa jina la Onesimo, ili asiwepo wa kusema hakujua. Luther alipoieleza barua hii alisema kwamba sisi sote ni akina Onesimo wa Kristo. Kama deni letu limelipwa na mwingine, tunapata wapi ujasiri wa kumfungia mlango kijana wa miaka 16?

Naomba mambo yanayowezekana. Kila usharika uwe na washirika wawili au watatu waliochunguzwa vema, ambao afisa anawajua kwa majina na anaweza kuwakabidhi mtoto mmoja kila mmoja. Wamwone kila wiki nyumbani kwake, bibi akiwepo. Wamtafutie seremala au fundi cherehani atakayempokea, kama shule imemshinda. Wamsindikize kwa aliyemwibia, aombe radhi na kuanza kulipa kidogo kidogo. Akivunja masharti wamwambie afisa ukweli, wasimfiche. Habari zake zisitangazwe madhabahuni wala kwenye jumuiya. Na nauli itoke usharikani. Jumapili ya mavuno tunanadi jogoo mmoja mara tano mpaka fedha yake inazidi bei ya mbuzi. Jogoo mmoja wa namna hiyo angemfikisha kijana yule mjini mwaka mzima.

Sijui alipo leo. Bibi yake bado anakuja ibadani na kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na kila ninapompa mkono baada ya ibada naikumbuka ile sahihi. Wachungaji wenzangu, wazee wa kanisa: karatasi ya namna hiyo ikiletwa ofisini kwenu, msitie sahihi siku hiyo. Mwombeni afisa awaelekeze kwanza njia ya kwenda kwa bibi.