Kozi ana anga, mkimbizi wa Dzaleka ana jabali tu

Kuelekea mwisho wa kiangazi, kozi wa milima ya Malawi huanza kutaga. Ndege huyu wa jamii ya vipanga hajengi kiota. Dume na jike huchagua ukingo wa jabali ambao adui haufikii kwa urahisi, wakakwangua kishimo kidogo kwenye changarawe, na jike akataga humo mayai, mara nyingi matatu. Mayai huatamiwa kwa takriban mwezi mmoja. Makinda yakianguliwa hukaa jabalini kama wiki sita kabla ya kuruka.

Muda mwingi wa kipindi hicho dume ndiye mtafutaji. Huruka mbali na jabali, huvizia njiwa au mbayuwayu kutoka juu kabisa, kisha hujiachia kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Anachokamata humpelekea jike, na jike huwagawia makinda kipande kwa kipande. Makinda yakikua na kuzidi ulafi, jike naye hutoka kuwinda.

Kwa hiyo kozi anahitaji vitu viwili ili alee: jabali la kujificha na anga la kutafutia riziki. Ukimwachia jabali ukamnyima anga, makinda yatakufa kwa njaa mahali palepale palipochaguliwa kwa usalama wake.

Wataalamu humwita Falco peregrinus. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni mgeni, mtu aliyetoka nchi nyingine. Jina halikukosea. Mbali na kozi wenyeji, Malawi hupokea pia kozi wanaozaliana Siberia, ambao huja Afrika kukwepa baridi ya kwao kisha wakarudi. Wenyeji na wageni huwinda katika anga moja.

Wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, kuna wageni ambao hawana ruhusa kama hiyo. Ni wakimbizi wa Dzaleka. Wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na wengine Ethiopia na Somalia. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000.

Kabla ya kuwa kambi, mahali hapo palikuwa gereza ambako utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani wake. Jina lenyewe kwa Kichewa linabeba maana ya mtu kuahidi kwamba ataacha, hatarudia tena. Mrundi na Mnyarwanda hawahitaji mkalimani kulielewa, kwa kuwa katika lugha zao kuacha ni kureka. Mtu amekimbia vita Kivu au Bujumbura, akafika mahali ambapo jina lake linamtaka aseme hatarudia, ilhali hana kosa alilotenda.

Haki itendeke kwa Malawi: jabali imelitoa. Nchi hii si tajiri, ardhi yake ni finyu na wakulima wake ni wengi. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihifadhi zaidi ya watu milioni moja waliokimbia vita vya Msumbiji. Mataifa mengi yenye uwezo mkubwa zaidi hayajawahi kubeba mzigo wa namna hiyo. Hakuna anayeweza kuwaambia Wamalawi kwamba hawajui ukarimu.

Tatizo ni anga. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1987, lakini ilijiunga kwa shingo upande. Iliwekea masharti vifungu tisa, na baadhi yake ilitamka kwamba itavichukulia kama mapendekezo tu, wala havitaibana kisheria. Miongoni mwake ni kifungu cha 17 kinachohusu kazi ya kuajiriwa, cha 22 kinachohusu elimu, cha 26 kinachohusu uhuru wa kwenda na kukaa unapotaka, na cha 34 kinachohusu uraia. Kilichobaki hasa baada ya masharti hayo ni hifadhi ya kutorudishwa kwenye vita na mahali pa kulala.

Kwa miaka mingi sheria hiyo ilikazwa na kulegezwa kwa zamu. Familia nyingi zilitoka kambini zikafungua maduka Lilongwe na katika miji mingine, zikalipa kodi ya pango, zikapeleka watoto shule. Mwaka 2023 kamba ikavutwa. Machi mwaka huo serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Mei polisi wakaanza msako. Mamia ya watu walikamatwa, watoto wakiwamo, na maduka yakafungwa. Watu waliokuwa wakijilisha wenyewe wakarudishwa kwenye foleni ya msaada, na msaada huo nao umekuwa ukipunguzwa mara kwa mara kwa sababu wafadhili hawatoi fedha za kutosha.

Waswahili wana methali ya kupima jambo hili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali haisemi mgeni afukuzwe, na haisemi alishwe milele. Inasema ukarimu wa kweli hufika mahali ukamkabidhi mgeni kazi. Dzaleka imemweka mgeni kwa zaidi ya miaka 30, na jembe bado limefungiwa stoo.

Zipo hoja za upande wa pili, na hazistahili kudharauliwa. Wafanyabiashara wadogo wa Malawi wanasema wageni wanawapokonya wateja. Serikali inataja usalama. Mchuuzi wa Lilongwe ambaye faida yake ya siku inatosha unga wa nsima na chumvi ana haki ya kuhofia duka jipya linalofunguliwa jirani. Lakini duka hilo huajiri vijana wa mtaani, hununua kwa wauzaji wa jumla wa nchini, na likisajiliwa hulipa kodi. Likifungwa, mchuuzi hapati wateja wapya. Fedha ya aliyekuwa na duka nayo inatoweka sokoni. Na kwa usalama, mtu mwenye leseni, anwani na namba ya mlipakodi anajulikana alipo kuliko mtu anayejificha kwa kuogopa msako.

Historia ya Malawi yenyewe inatoa ushahidi. Kwa vizazi vingi wanaume wa nchi hii walitoka kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya Rhodesia na migodi ya Afrika Kusini, na fedha walizotuma zilijenga nyumba na kusomesha watoto. Kamuzu Banda mwenyewe alitoka kwao akiwa kijana, akapitia Rhodesia Kusini, akafanya kazi mgodini Afrika Kusini, kisha akasoma Marekani na Uingereza. Asingepewa anga na mataifa ya watu, asingekuwa daktari, wala asingerudi kuwa rais. Wamalawi walio Johannesburg leo wanajua maana ya kuitwa mgeni anayekula vya wenyewe.

Majirani nao wamejaribu njia nyingine. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2021 inayoelekea huko. Tanzania, ambayo bado inawabana wakimbizi wengi kambini, iliwahi kuwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Hakuna kati ya nchi hizo iliyosambaratika kwa sababu hiyo.

Dzaleka tayari inaonyesha kinachowezekana. Soko lake huwavuta wanavijiji wa Dowa. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii mkimbizi kutoka Kongo, huwaleta kambini maelfu ya Wamalawi na wageni kusikiliza muziki. Na Kiswahili, ambacho SADC ilikipitisha kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019, kinasemwa humo kila siku. Malawi ikitafuta walimu wa lugha hiyo, wapo mwendo wa saa moja kutoka Lilongwe, na sheria ndiyo inayowazuia kuajiriwa.

Njia ya kurekebisha ipo na haihitaji mkataba mpya. Kifungu cha 42 cha mkataba wa 1951 kinairuhusu nchi kuondoa masharti iliyojiwekea wakati wowote, kwa kumwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Malawi inaweza kuanza na vifungu viwili, cha 17 na cha 26, na kuweka utaratibu wa leseni na usajili unaowalinda pia wafanyabiashara wake wadogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, ambazo kila mwaka hujadili soko la pamoja, zinapaswa kuisaidia kwa fedha na kuipa nafasi ya kujifunza kwa Uganda na Kenya. Kongo, walikotoka wengi wa wakimbizi hao, ni mwanachama wa jumuiya zote mbili.

Kozi mwenyewe aliwahi kukaribia kutoweka katika sehemu kubwa za Ulaya na Marekani. Dawa ya wadudu ya DDT ilidhoofisha maganda ya mayai yake, na majabali yakabaki bila makinda. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na kufikia mwaka 1999 kozi alikuwa ameongezeka kiasi cha kuondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Siku hizi hulea hata juu ya majengo ya New York na London. Majabali yalikuwapo muda wote. Kilichobadilishwa ni uamuzi wa watu.

Mtoto aliyezaliwa Dzaleka mwaka kambi ilipofunguliwa sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Mabawa anayo. Anasubiri barua moja kutoka Lilongwe.