Siri za wagonjwa hazisubiri kompyuta ya kwantamu

Mtoto anayezaliwa leo mkoani Njombe na mama anayeishi na VVU hufunguliwa kumbukumbu hata kabla hajapewa jina. Vipimo vyake, dawa alizoanzishwa na namba ya kliniki ya mama yake, vyote vinaingia kwenye kompyuta. Mungu akimjalia maisha marefu, kumbukumbu hiyo itatakiwa kubaki siri hadi miaka ya 2090. Kufikia hapo atakuwa amesoma, ameomba kazi, ameoa au kuolewa, pengine amegombea udiwani. Katika miaka yote hiyo hakuna mwenye haki ya kuichungulia bila ridhaa yake au amri ya sheria.

Mimi ni afisa TEHAMA katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Nikisikia watu wakizungumzia kompyuta za kwantamu, kasi yake na dawa mpya zinazotarajiwa kubuniwa kwa msaada wake, mawazo yangu hukimbilia kwenye kumbukumbu ya mtoto yule. Magazeti na redio zetu huieleza teknolojia hii kama jambo la Marekani na China ambalo sisi tutalipokea siku moja, likishakomaa na kushuka bei. Napinga mtazamo huo. Madhara yake yameanza kutuhusu tangu siku tulipohamisha majalada ya wagonjwa kutoka kwenye kabati la chuma kwenda kwenye seva.

Taarifa inapotoka kwenye kompyuta ya kliniki kwenda kwenye seva iliyo mbali, husimbwa, yaani hugeuzwa vurugu ya herufi isiyosomeka kwa asiye na ufunguo. Ugumu uko kwenye kukabidhiana ufunguo wenyewe, kwa sababu kompyuta mbili hazina budi kuafikiana kwenye mtandao ule ule ambao mwizi anausikiliza. Kwa karibu nusu karne tumeokolewa na hesabu ya namba tasa. Zidisha 89 kwa 97, unapata 8,633, na kazi imekwisha. Sasa mpe mwanafunzi wa darasa la saba hiyo 8,633 peke yake, umwambie atafute namba tasa mbili zilizoizaa. Atajaribu 3, atajaribu 7, 11, 13, ataendelea kugawanya mpaka kengele ya mapumziko igonge. Rivest, Shamir na Adleman waliugeuza usumbufu huo kuwa kufuli mwaka 1977, likaitwa RSA kwa herufi za majina yao. Kufuli la RSA lililoenea zaidi leo limejengwa juu ya namba yenye tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kuipasua namba ya tarakimu 250 tu, na kazi waliyoifanya ingekichukua kiini kimoja cha prosesa miaka 2,700 hivi.

Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati aliyekuwa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha kwamba kompyuta inayofuata kanuni za fizikia ya kwantamu ingezipata namba tasa hizo kwa njia ya mkato. Mashine yenyewe haikuwepo. Ilikuwa hoja ya kwenye karatasi.

Iliyoisogeza mashine hiyo karibu ni sanaa ya kutengeneza vitu vidogo, ile inayoitwa teknolojia ya nano. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Chipu iliyomo kwenye simu ya bei ghali leo ina zaidi ya bilioni 15, zilizochorwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, kwa mashine za kampuni ya ASML ya Uholanzi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na hapo zinaenea atomu chache tu za silikoni. Kwa wembamba wa namna hiyo elektroni haiheshimu kizuizi. Huweza kujikuta upande wa pili bila kupita juu wala kutoboa. Kwa mtengenezaji wa transista huo ni uvujaji, ni joto, ni chaji ya betri inayopotea. Lakini mwaka 1984 na 1985 pale Berkeley, California, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walionyesha kwamba kupenya huko kunaweza kufanywa na saketi nzima ya umeme, kubwa kiasi cha kushikwa mkononi. Mwaka 2025 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Saketi za ukoo huo, zikipozwa hadi sehemu ndogo tu ya nyuzi juu ya baridi ya mwisho kabisa, ile ya 273 chini ya sifuri, ndizo zilizozaa kyubiti, yaani vipande vya msingi vya hesabu ya kompyuta ya kwantamu, zinazotumiwa na Google na IBM.

Kyubiti ina uwezo mkubwa lakini haina utulivu. Mtikisiko mdogo tu wa joto au sumaku, nayo inaharibu hesabu. Kwa hiyo idadi peke yake isitubabaishe. IBM walitangaza chipu ya kyubiti 1,121 mwishoni mwa 2023. Google walipotangaza yao iitwayo Willow, Desemba 2024, ilikuwa na 105 tu, na bado mimi naiona ndiyo hatua kubwa zaidi, kwa sababu walipoongeza kyubiti za kusahihisha makosa, makosa yalipungua. Kabla ya hapo kuongeza kyubiti kwa kawaida kulikuwa ni kuongeza makosa.

Hata hivyo kilichoninyima usingizi ni makadirio. Mwaka 2019 Craig Gidney wa Google na Martin Ekerå wa Uswidi walipiga hesabu kwamba kulivunja kufuli la RSA la tarakimu 617 kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa muda wa saa nane. Mei 2025 Gidney huyo huyo alitoa hesabu nyingine: kyubiti zisizofika milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Ndani ya miaka sita hitaji limeshuka mara ishirini, na limeshushwa na watu waliokaa chini wakafikiri, bila kusubiri mashine mpya.

Milioni moja bado iko mbali sana na 105. Leo hii hakuna kompyuta ya kwantamu inayoweza kusoma kumbukumbu za hospitali yetu, na anayewaambia ipo anatafuta biashara. Ila mwizi mvumilivu haihitaji leo. Anaweza kunakili taarifa zilizosimbwa zinapopita, akazitunza, akangoja. Tangu Edward Snowden alipofichua nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani mwaka 2013, dunia nzima inajua kwamba mashirika ya kijasusi huchota mawasiliano kwenye nyaya za baharini. Taarifa zetu zikihifadhiwa kwenye seva za kukodi ng'ambo, njia yake ni nyaya hizo hizo, kama ule wa SEACOM uliotua Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Uhifadhi wa data umekuwa rahisi mno kiasi kwamba hata anayetafuta fedha za kuwatishia watu miaka ishirini ijayo anaweza kumudu kungoja.

Michele Mosca, profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, ameliweka jambo hili kwa namna ambayo hata mjumbe wa bodi asiyejua kompyuta analielewa. Chukua miaka ambayo siri yako inapaswa kudumu, jumlisha miaka utakayotumia kubadilisha makufuli yako yote. Jawabu likizidi miaka iliyobaki kabla mashine haijapatikana, umeshachelewa. Kwa namba ya siri ya muamala wa leo ambayo kesho haina maana, huna haja ya kuhangaika. Kwa mtoto wetu ni miaka sitini na zaidi ya siri, ongeza miaka kumi ya kubadilisha mifumo, na sidhani kuna hospitali ya mkoa itakayomaliza mapema kuliko hapo. Nani atathubutu kuapa kwamba katika miaka sabini mashine hiyo haitakuwepo?

Siku moja mfumo ulipogoma niliitwa dirishani kwenye CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mbele ya foleni alikuwa mama aliyesafiri kwa basi kutoka wilaya nyingine, akiwa amevipita vituo viwili vinavyotoa dawa zile zile, kwa sababu huko anafahamika. Kadi yake alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Alinitazama nikibonyeza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, humo ndani watu wa kwetu hawawezi kuniona?" Nikamwambia, "Hapana, mama, hawawezi." Nililosema lilikuwa kweli siku ile, na mshahara ninaolipwa ni wa kuhakikisha linabaki kuwa kweli hata kwa wajukuu zake.

Habari njema, na hii haisemwi vya kutosha, ni kwamba huhitaji kumiliki kompyuta ya kwantamu ili ujikinge nayo. Makufuli mapya yanafanya kazi kwenye kompyuta hizi hizi tulizo nazo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliita mashindano ya wazi mwaka 2016, wanahisabati wa dunia nzima wakaleta mapendekezo na kushambuliana miaka minane, na Agosti 2024 viwango vitatu vya kwanza vikatangazwa. Cha kukabidhiana ufunguo kinaitwa ML-KEM, na kinatumia hesabu ambayo hadi leo si mkato wa Shor wala mwingine unaojulikana umeweza kuivunja. Programu ya OpenSSH, ninayoingilia kwenye seva kila siku, ilianza Aprili 2022 kutumia kufuli la mseto, la zamani na jipya kwa pamoja, bila kuniuliza chochote. Programu ya ujumbe ya Signal ilifuata mwaka 2023, iMessage ya Apple mwaka 2024. OpenSSL, maktaba inayobeba sehemu kubwa ya usalama wa intaneti, imekuwa na ML-KEM tangu Aprili 2025. OpenSSH na OpenSSL ni bure kabisa.

Natoa tahadhari moja. Mwaka 2022 pendekezo lililoitwa SIKE, lililokuwa limefika mbali kwenye mashindano hayo, lilivunjwa na watafiti wawili wa Leuven, Ubelgiji, kwa kompyuta ya kawaida na kwa muda wa saa moja hivi. Ndiyo maana nasisitiza mseto. Kufuli jipya likija kuonekana lina ufa, la zamani bado linashikilia.

Kinachotukwamisha ni zabuni. Hivi karibuni nilisoma nyaraka za mfumo uliokuwa ukipendekezwa kwetu, wenye mkataba wa miaka kumi. Kurasa nyingi zilieleza rangi za dashibodi na ripoti za bima. Usimbaji ulipewa sentensi moja, kwamba mfumo ni "salama kwa viwango vya kimataifa". Nilimuuliza mwakilishi wao kuhusu makufuli mapya. Akanijibu kwa upole kwamba hayo bado ni ya nchi zilizoendelea. Lakini mfumo tunaoununua sasa kwa miaka kumi utakuwa bado unafanya kazi 2035, mwaka ambao kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza kimewataka watu wake wawe wameshamaliza kuhamia makufuli mapya. Wao wamepanga kufikia 2028 wawe wameorodhesha kila mahali panapotumika kufuli la zamani. Sisi tutakuwa tumejifunga kwenye mkataba unaolitaja kufuli hilo kuwa la kisasa.

Wenzangu huniambia kwamba hospitali ambayo umeme unakatika, na ambayo nesi anabandika nywila kwenye kioo cha kompyuta kwa karatasi, haina nafasi ya kuwaza kwantamu. Ile karatasi nami naipiga vita kila wiki. Lakini karatasi naweza kuibandua leo na madhara yakakoma leo. Taarifa iliyokwisha kunakiliwa hairudishwi na nywila mpya, wala mgonjwa hawezi kubadilishiwa damu yake kama anavyobadilishiwa kadi ya benki. Na kuongeza kifungu kimoja kwenye zabuni ambayo bado haijasainiwa hakuondoi hata shilingi moja kwenye fungu la dawa.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume ya kuisimamia. Kenya wana yao tangu 2019. Naziomba taasisi zinazosimamia sheria hizo ziitaje hatari hii kwa jina lake kwenye miongozo yao, na zianzie kwenye taarifa za afya, za vinasaba na za alama za vidole, kwa kuwa hizo ndizo mtu anaishi nazo hadi kaburini. Kwa wajumbe wa bodi za hospitali ombi langu ni jepesi zaidi. Kabla ya kusaini mfumo wowote, mtakeni mzabuni aandike kama unatumia ML-KEM kwa mseto, kama bado ni lini utaanza, na gharama ya kubadilisha itakuwa ya nani. Asiyeweza kujibu hayo kwa maandishi asipewe kazi.